Ukumbi wa Rune na Chumba cha Hesabu

Mwezi niliostaafu, chuo nilichokitumikia hapa Stockholm kilikuwa na ukumbi mpya wa michezo wenye sakafu ya mbao inayong'aa mpaka unaogopa kuikanyaga. Chini ya ukumbi huo, katika chumba kisicho na dirisha, kulikuwa na mwalimu wa hesabu asiyejua kama atakuwa na kazi vuli ikifika. Ukumbi ulitolewa na mtu mmoja. Mtu huyohuyo alisimama mbele ya watu akaahidi kumlipia mwalimu yule, na ahadi hiyo ndiyo iliyomweka mwalimu katika hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo kabla.

Naandika haya kwa sababu vijana wa kikundi chetu cha mtaa wa Vårby gård mmeniomba. Wengi wenu mmezaliwa hapa. Mnaanza kazi katika ofisi za manispaa, hospitali na vyuo, na mmeniuliza zaidi ya mara moja maamuzi hufanyika wapi hasa. Mnasema mnaingia kikaoni, mnakaa, mnatoka, na jambo limeshaamuliwa bila ninyi kuona limeamuliwa saa ngapi. Sina jibu zuri kuliko kuwaeleza nilichoshuhudia. Kuhusu vyeo na mshahara sitasema. Mshahara ulitosha, na cheo changu kilibadilishwa jina mara nyingi huku kazi ikibaki ileile: nilikuwa katibu wa kamati ya fedha za wahisani. Mtu akikipa chuo pesa, akiwa hai au kwa wosia, kamati hiyo ndiyo iliyoamua zipokelewe au la, na zikipokelewa zifanye nini.

Nilikuja hapa nikitokea Iringa, kusoma, nikaolewa, nikabaki. Siku yangu ya kwanza kamatini nilikabidhiwa kwa Birgitta, katibu aliyekuwa akijiandaa kuondoka. Alikuwa mama mrefu wa kutoka kaskazini ya nchi, anayetoa maneno kana kwamba yanauzwa. Akikubaliana na jambo hakusema ndiyo. Alivuta pumzi ghafla, kama mtu aliyeungua ulimi kwa chai. Wiki nzima nilidhani namshtua. Nikawa nasema taratibu, nikikaa mbali naye kidogo, mpaka mhudumu wa mapokezi aliponieleza kwamba watu wa kaskazini hukubali hivyo.

Kwenye kikao changu cha kwanza nilikaa kalamu mkononi nikisubiri mjadala. Kwetu Iringa hata kamati ya harusi hubishana mpaka chai inapoa. Hapa mwenyekiti, Profesa Lennart, alisoma jambo la kwanza kwenye ajenda, akauliza kama tunaweza kuamua kulingana na pendekezo, wakasema "ja", yaani ndiyo, kwa sauti ya chini isiyojulikana imetoka kwa nani, akagonga meza kwa kinyundo chake cha mbao. Jambo la pili vivyo hivyo. Tulipotoka, karatasi yangu ilikuwa na majina ya waliohudhuria na hakuna kingine. Nilimwambia Birgitta kwamba nimeshindwa kazi siku ya kwanza, sikusikia hoja hata moja.

"Hazikusemwa leo," alisema. "Zilisemwa Jumanne, kwenye kahawa."

Kahawa hiyo wanaiita fika, nanyi mnaijua: kikombe, kipande cha keki ya mdalasini, na watu wamesimama wakizungumzia hali ya hewa. Mimi nilikuwa nikiikwepa nikiona ni uvivu, nikibaki mezani kwangu nikifanya kazi ili wasije wakasema Mwafrika wetu anapenda kukaakaa. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kule. Mtu mwenye pendekezo hupita kwa mmoja mmoja, kikombe mkononi, anauliza ungeonaje kama ingekuwa hivi, anasikiliza anayeguna, anarekebisha, anapita tena. Pendekezo linapofika kikaoni, limeshazunguka. Ukilipinga pale mezani mbele ya watu, hutaonekana mwenye hoja. Utaonekana mtu ambaye hakuja kunywa kahawa.

Na Profesa Lennart alitaka aitwe Lennart. Nilimwita Profesa kwa miezi kadhaa, naye kila mara alitazama nyuma yake kama mtu anayetafuta profesa mwingine.

Sasa nije kwenye michezo na masomo. Vyuo vya hapa havina zile timu zinazojaza viwanja kama tunazoziona kwenye televisheni kutoka Amerika. Mtoto wa Farsta, mtaa ninaoishi, anayetaka kucheza mpira hujiunga na klabu ya mtaani kwao, wala hategemei chuo. Kwa hiyo mtu angedhani ugomvi wa fedha za michezo na fedha za masomo haupo. Upo, ila umevaa nguo nyingine. Unaitwa afya ya wanafunzi.

Wahisani walipenda michezo kuliko tulivyopenda sisi kukiri. Tulikuwa na wosia wa daktari wa meno aliyeacha pesa kwa ajili ya wanafunzi wanaocheza na panga, ule mchezo wa kujifunika uso kwa wavu na kuchomana kwa adabu. Tuliwatafuta. Mwaka mmoja tulimpata mwanafunzi mwenye upanga wake, lakini hakuwa na wa kupigana naye. Fedha zile zilikaa benki zikinenepa wakati maktaba ikipunguza saa za kufunguliwa. Nilimuuliza Birgitta kwa nini watu hawaachi pesa kwa ajili ya mambo yanayohitajika.

"Mtu anayetoa anataka kitu cha kugusa," alisema. "Mlango una jina, mashua ina jina. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani anaondoka zake na jina lake mwenyewe."

Birgitta alistaafu, akarudi kaskazini, nikabaki na kiti chake na ile hofu aliyokuwa akiificha kwa kutosema. Maana kazi ile ni ya hofu. Unasoma sharti la mhisani mara ya kwanza unaona zuri. Mara ya tatu unaona shimo. Mara ya tano huna hakika kama shimo lipo au umelichimba wewe. Nilikuwa napanda treni ya njia ya kijani kurudi nyumbani nikisoma tena barua pepe nilizokwisha kutuma, kana kwamba kuzisoma kungezirudisha.

Rune alikuja miaka mingi baadaye. Alikuwa na kampuni ya kutengeneza lifti, aliyoianza peke yake na sanduku la vifaa. Ujana wake alisoma chuoni kwetu, na kumbukumbu yake yote ya chuo ilikuwa mpira wa mikono waliocheza katika ghala la kukodi lenye baridi. Alitaka kujenga ukumbi. Alisema hivyo bila mapambo, akanywa kahawa yake, akauliza ni nani wa kusaini.

Lennart alifurahi, na sitamsema vibaya kwa hilo. Alikuwa amewaona wanafunzi wanaokaa vyumbani mwao majira yote ya baridi bila kuzungumza na mtu, wakaacha masomo bila hata kuaga. Aliamini kwamba mtu aliyetoa jasho na wenzake mara moja kwa wiki atarudi darasani. Nimeona vijana ambao kwao ilikuwa kweli.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo watu wa nje hawalijui. Chuo chetu hakimiliki majengo yake. Kinapanga, kama mimi ninavyopanga fleti yangu. Mhisani akilipia ujenzi, jengo bado lina mwenye nyumba, na mwenye nyumba anataka pango kila mwaka, pamoja na joto, umeme na mfagiaji. Rune alitoa ukumbi. Pango hakulitoa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba lipo, na kwake yeye kitu kilicholipiwa kimelipiwa.

Nilimwendea Lennart kwenye kahawa nikamuuliza pango litalipwa na nani.

"Itapatikana," alisema.

Katika lugha ya maofisi ya hapa fedha hupatikana, kama uyoga msituni baada ya mvua, bila mtu kuzitoa mahali. Nilipita kwa wakuu wa idara, kikombe mkononi kama nilivyofundishwa. Mkuu wa uhandisi alisema wanafunzi wake hawajawahi kumwomba mpira wa mikono. Wa afya alisema wazo ni zuri sana na kwamba idara yake haina hata senti. Nilirudi kwa Lennart nikamwambia nilichosikia. Kikaoni aliuliza kama tunaweza kuamua kulingana na pendekezo. "Ja," zikasema zile sauti zisizo na mwenyewe, na kinyundo kikagonga.

Zikapatikana. Zilipatikana kwenye mfuko wa zawadi ndogo, zile pesa zinazotolewa na watu wa kawaida bila sharti. Mfuko huo ndio uliokuwa ukilipia chumba cha hesabu.

Chumba cha hesabu kilikuwa cha Espérance. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, mkazi wa mtaa wa Husby, alisomea hesabu kwao na tena hapa, na alikuwa akifundisha kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila jioni baada ya vipindi alifungua chumba kile cha chini, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angeweza kuingia na swali alilokwama. Hakuwapa jibu. Aliwasimamisha ubaoni, akakaa nyuma na kuwaambia, kwa Kiswidi chenye Kifaransa ndani yake, waeleze walipopotelea. Waliokuja walikuwa wengi wao watoto wa watu wanaosafisha treni na kuhudumia wazee, wa kwanza kwao kufika chuo. Walimu wa mchana walikiri kwamba bila chumba kile wengi wao wangeondoka kabla ya Krismasi.

Aliniita Mama Rehema japo tunakaribiana umri, kwa sababu nilimtangulia kazini. Kiswahili chake na changu vilikutana katikati. Mimi nilicheka "banafunzi" wake na "donc" yake, yaani basi kwa Kifaransa, yeye alisema mimi nazungumza kama redio ya serikali.

Habari ya mfuko nilimpa mwenyewe, kabla haijamfikia kwa barua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Donc banatukalia juu," alisema, akionyesha dari, kule ujenzi ulikokuwa ukiendelea. "Na tuko tunabalipia kiti."

Aliuliza kama bado kuna la kufanya. Nilimwambia lipo, ila ni la polepole: nizunguke tena na kahawa, idara zikubali kugawana pango, mfuko upumue. Alikubali kusubiri. Lakini wiki moja kabla ya ufunguzi wa ukumbi aliniuliza nani atamshukuru yule mzee wa lifti. Nikamwambia Lennart atasema maneno machache, atampa maua.

"Maua tu? Na batu banakaa kimya?"

Nikasema ndiyo, hapa hushukuru hivyo. Aliguna. Sikufikiri zaidi, nilikuwa na orodha ya wageni ya kuhangaikia.

Siku ya ufunguzi tulivua viatu mlangoni kulinda sakafu. Hebu wafikirieni maprofesa wa chuo wamesimama na soksi, mikononi bilauri za maji ya tufaha. Lennart alisema maneno machache. Rune akapokea maua akayashika kichwa chini, kama mtu aliyeshika koleo. Watu wakapiga makofi yale ya hapa, yanayoanza pamoja na kuisha pamoja, na shughuli ingekuwa imekwisha.

Hapo Espérance akapiga kigelegele. Alitoka nyuma na wanafunzi wake, wamejipanga, wakaja mpaka mbele ya Rune. Alifanya kile ambacho yeyote kati yetu angekifanya nyumbani mtu anapotoa kitu kikubwa: alimshukuru kwa sauti, mbele ya watu, kwa jina. Alimwita Pappa Rune. Akamwambia kwamba chini ya miguu yake hapo kuna chumba, na akamweleza kinachofanyika ndani yake, akawataja wanafunzi mmoja mmoja na mahali kila mmoja alipokuwa amepotelea kabla ya kuelewa. Binti mmoja wa Husby aliinama kidogo alipotajwa. Espérance hakuomba kitu. Nawaapia hakuomba kitu, nilikuwa karibu.

Maprofesa walitazama soksi zao. Masikio ya Rune yaligeuka mekundu. Maisha yake yote alitengeneza lifti, na fundi wa lifti hukumbukwa inapokwama. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kusimama mbele yake namna ile. Akakohoa, akasema kwa sauti iliyofika pembe zote:

"Hicho chumba cha chini nitakilipia mimi. Ilimradi afundishe huyu."

Wanafunzi wakashangilia. Espérance akanigeukia, macho yamejaa, akaniuliza kwa Kiswahili kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia, na lile "ilimradi" pia. Lennart alikuwa akitabasamu kwa mdomo peke yake.

Chuo chetu ni cha serikali. Kazi ya serikali hutangazwa, kila anayeweza anaomba, na anayefaa zaidi ndiye anayechukuliwa. Mhisani anaweza kutoa fedha kwa ajili ya ufundishaji wa hesabu. Hawezi kumchagua mwalimu. Akisema nalipa ilimradi ni fulani, amenunua nafasi, na chuo kikipokea kimeuza. Sipendi kuwadanganya kwamba sheria hiyo ni upuuzi wa karatasi. Ndiyo iliyoniingiza mimi kazini, mtu mwenye jina walilokuwa wakilikwepa kulitamka, badala ya mpwa wa mtu.

Asubuhi iliyofuata mwanasheria wa chuo aliniita. Kwa vile ni mimi katibu, na kwa vile nilikuwepo, niandike kumbukumbu ya yale mhisani aliyoyasema. Mnaijua desturi hii: jambo zito likisemwa kwa mdomo ofisini, anayelisikia huliandika, na likishaandikwa ni la umma, mtu yeyote aweza kuomba kulisoma bila hata kusema yeye ni nani. Nilirudi mezani kwangu nikaandika sentensi ya kwanza. Ya pili sikuiandika. Nikaenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Mchana Espérance alikuja akafunga mlango. Alikuwa ameshaambiwa.

"Ni lazima uandike yote, Mama Rehema?"

Nikamwambia ni lazima.

"Andika alisema atalipa chumba. Njo kweli. Hautasema bongo." Kwao bongo ni uongo, na njo ni ndiyo.

"Na lile neno la mwisho?"

"Lile lilikuwa la furaha. Mutu akifurahi anasema mingi."

Nilimwambia ukumbi mzima ulisikia. Nikiliacha, mwingine ataliandika, na swali litakuwa kwa nini mimi niliacha. Na wote wanajua sisi wawili tunazungumza lugha moja wasiyoielewa, na kwamba aliniuliza jambo kwa lugha hiyo palepale mbele yao. Watasema tulipanga.

Alikaa. Alitazama dirisha langu, ambalo yeye kule chini hana.

"Kwa hiyo mi njo nilijiharibia."

"Ulishukuru tu."

"Njo ile ile," alisema. Kisha akauliza swali ambalo bado nalisikia nikiwa jikoni kwangu Farsta: "Na banafunzi bangu bataenda wapi?"

Niliandika yote. Sentensi mbili, kama zilivyosemwa, na jina langu chini. Mtaniuliza kama nilifanya sawa. Kila ninapolifikiria nafika palepale, na kila ninapofika palepale sipati raha.

Mwanasheria alisema ahadi haiwezi kupokelewa kama ilivyotamkwa, ila Rune anaweza kutoa upya bila sharti. Mimi na Lennart tukaenda kumwona kwenye karakana yake, katikati ya nyaya na vibao vya namba za ghorofa. Lennart alieleza vizuri, kwa upole. Rune alimsikiliza akiwa anafuta mikono.

"Nimeajiri mafundi maisha yangu yote," alisema. "Simlipi fundi nisiyemjua."

"Hakuna anayekukataza kumjua," Lennart alisema. "Unachokatazwa ni kumchagua."

"Basi mnataka pesa zisizo na macho."

Rune hakukataa, wala hakukubali. Alisema siku hizi kampuni inaendeshwa na binti yake, atazungumza naye. Akatusindikiza mpaka nje, na kwa namna yake kavu akaniuliza mimi, si Lennart, yule mama wa hesabu anaendeleaje. Nikasema anaendelea kufundisha.

Binti yake alituandikia kwa adabu kwamba familia italirudia jambo hilo. Kamati ikaahirisha. Kikao kilichofuata ikaahirisha tena, kwa sababu familia ilikuwa haijalirudia. Na hofu yangu ikaota matawi. Hata fedha zikija bila sharti, nafasi itabidi itangazwe, Espérance aombe pamoja na wengine. Akishinda, yeyote aliyeshindwa anaweza kukata rufaa, akaomba kusoma kumbukumbu, na akazikuta pale sentensi mbili zenye jina langu: mhisani alimtaka huyu. Kabla ya ufunguzi alikuwa mwalimu asiye na fedha. Sasa ni mwalimu asiye na fedha ambaye hata akiajiriwa kwa haki kuna karatasi ya kumtilia shaka.

Katika majuma yangu ya mwisho nilizunguka na kikombe kuliko nilivyowahi kuzunguka. Pendekezo langu lilikuwa lilelile: idara zigawane pango, mfuko wa zawadi ndogo urudi kwenye kazi yake, na chumba cha hesabu kisimtegemee Rune wala binti yake. Mkuu wa afya alianza kulainika. Wa uhandisi, ambaye wanafunzi wake ndio waliojaa chumba kile, alisema atafikiria akiona tarakimu za mwaka ujao. Lennart alisema wanaichukua hoja hiyo. Nimefanya kazi hapa muda wa kutosha kujua kwamba hoja ikichukuliwa haijulikani imepelekwa wapi.

Nitawaambia jambo moja la kazi, kisha nimalize. Mkiona mtu wetu anataka kushukuru, kaeni naye kwanza mumweleze shukrani hapa hupita njia gani. Na mkiwaona wao wamekaa kimya mtu anapotoa kitu kikubwa, msidhani hawakuguswa. Rune aliguswa. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Kikao changu cha mwisho kilikuwa kifupi. Jambo la chumba cha hesabu lilikuwa karibu na mwisho wa ajenda. Mwenyekiti aliuliza kama tunaweza kuahirisha mpaka familia itakapojibu. "Ja." Kinyundo. Kisha wakanipa keki na maneno mazuri, na mkuu wa afya alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yao. Binti yangu huniuliza, kwa Kiswidi, si umestaafu, Mamma? Namjibu kwa Kiswahili kwamba nimestaafu kazi, hofu bado.

Juma lililopita nilipita chuoni kurudisha funguo. Nilishuka chini bila kumwambia mtu. Mlango ulikuwa wazi, Espérance amekaa nyuma, kijana mmoja yuko ubaoni akieleza alipopotelea, na juu yetu mpira ulikuwa ukidunda kwenye ile sakafu nzuri. Alininyooshea mkono bila kusimama, nikaelewa nisikatize. Binti wa Rune alikuwa hajaandika tena. Mkataba unaisha na muhula huu.

Mlangoni palikuwa pamebandikwa ratiba ya vuli. Ameipanga yeye, jioni kwa jioni, mada kwa mada, mpaka Krismasi. Mahali pa jina la mwalimu pana herufi mbili, N.N., ambazo ofisi za hapa huandika pale mtu anayehusika anapokuwa bado hajajulikana.